Hewa ya Barazani

Jumatano, 9 Julai 2025

Kosa tunalolifanya karibu sote ni hili: mtu akibanwa na kifua, tunamtoa nje apate hewa. Kwetu Chumbageni, hapa Tanga, nje ni barazani. Na baraza imetazamana na barabara.

Naandika haya nikiwa nimetoka sasa hivi kumkalisha mume wangu Athumani palepale. Kama jana. Mto wa mgongoni, kikoi cha magotini, kikombe cha tangawizi. Alikuwa ameshaswali. Kutoka chumbani mpaka barazani alipumzika njiani, mkono ukutani, kama mtu anayesikiliza kitu upande wa pili wa ukuta.

Kisha likaja basi analoendesha Hatibu. Kila siku hulipitisha kwetu kabla ya kwenda stendi kupakia abiria wa Horohoro, mpakani. Hulisimamisha mlangoni, huliacha linanguruma, hushuka na kutoa shikamoo. Hufunua kifuniko cha injini. Mume wangu huinamisha kichwa, hufumba macho, husikiliza. Mwishowe hutoa hukumu. "Iko sawa, nenda." Au: "Nozeli moja inamwaga dizeli, mwambie fundi." Bila neno hilo Hatibu haondoki. Alianza kama utingo kwenye gari la Athumani, Athumani ndiye aliyempa usukani, na sasa yeye mwenyewe ana mvi. Hii ndiyo namna yake ya kumwamkia mkubwa wake.

Leo amekanyaga mafuta mara kadhaa ili mzee asikie vizuri. Moshi ukaingia hadi ukumbini. Kipupwe hiki hewa ya chini asubuhi ni baridi na nzito, moshi haupandi. Hulala juu ya barabara kama maji kwenye beseni. Athumani alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Huku anatabasamu.

Naogopa.

Ijumaa, 11 Julai

Niandike alichonieleza daktari. Nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na bado siku ile hospitalini nilisikia nusunusu. Mgonjwa akiwa wako elimu hukimbia.

Hewa hupita kooni, ikagawanyika kwenye mirija, mirija ikagawanyika tena na tena, hadi kwenye vifuko vidogo vyenye ngozi nyepesi kuliko ganda la kitunguu. Hapo ndipo hewa inapoingia damuni. Vumbi kubwa huzuiwa na pua. Linalopita pua hunaswa na ute. Lakini moshi wa dizeli una chembe ndogo mno, hazionekani kwa jicho. Hizo hupita pua, hupita ute, hufika vifukoni. Nyingine huvuka hadi damuni, zikaenda kusumbua moyo. Ule moshi mweusi tunaoulaani ni sehemu tu ya shari. Hata gari linaloonekana halitoi kitu, linatoa.

Athumani hakuvuta sigara hata moja maishani. Watu hawaamini. Lakini aliendesha mabasi yale ya zamani ambayo injini ilikaa ndani, ubavuni mwa dereva, chini ya kifuniko cha bati. Alikuwa akiweka birika juu yake chai isipoe. Kitambaa chake cha jasho kilirudi nyumbani cheusi. Mimi ndiye niliyekifua. Halafu foleni za mpakani, malori mbele, malori nyuma, yote yakinguruma, hakuna anayezima kwa kuwa huenda foleni ikasogea.

Vifuko vilivyokufa havirudi. Kazi iliyobaki ni kuvilinda vilivyo hai. "Akae mbali na moshi," daktari alisema. Alisema kwa wepesi, kama anayesema apunguze chumvi.

Jioni nilimwomba Athumani ahamie uani. Uani kwetu kuna mpera, kuta zinakinga barabara, hewa ni nyingine kabisa.

"Uani? Nikakae na masufuria?"

"Ukapumue, Baba Saida."

"Mwalimu, mwanamume akishahamishiwa uani, kilichobaki ni kunyooshwa miguu."

Wenzake waliokuwa wametoka msikitini na kuja kukaa naye wakaangua kicheko. Mmoja akaniambia nisimwonee mzee wa watu, nilete kahawa. Nikaleta kahawa. Lori likapita. Wote wakafumba macho, wakangoja lipite, wakaendelea na mazungumzo.

Jumapili, 13 Julai

Ualimu hautoki mwilini. Siku ya Ijumaa nilichana shuka jeupe kuukuu, nikalowesha vipande viwili. Kimoja nikakitundika barazani, kingine uani. Leo nimevitoa.

Cha uani: vumbi kidogo la kahawia. Cha barazani: kijivu, na ukikifikicha kinaacha weusi wa mafuta kwenye vidole. Si kipimo cha maabara. Najua. Chembe zile mbaya zaidi hata shuka halizishiki. Lakini nilitaka aone kwa macho.

"Kifue," akasema.

"Kitambaa kinafulika. Mapafu hayafuliki."

Alikikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Binti yetu Saida alikuwa amekuja kutoka Moa na samaki. Alinyanyuka akaenda jikoni. Nilimsikia akipara magamba kwa nguvu kuliko kawaida.

Nisimwonee. Hakatai kwa kuwa haelewi. Anaelewa. Barazani ndiko anakoitwa dereva. Anayepita na baiskeli humpigia kengele, anayepita kwa miguu husimama. Uani ataitwa mgonjwa. Nami ninamwomba achague, na sioni ningechagua nini mimi.

Jumatano, 16 Julai

Kwa ufupi.

Alfajiri alibanwa akiwa bado kitandani. Midomo ya kijivu, mabega yanapanda na kushuka. Basi la Hatibu ndiyo kwanza lilikuwa limesimama mlangoni. Nikapiga ukelele. Hatibu akaingia mbio, akambeba kama anavyobebwa mtoto, akamtoa barazani.

"Hewa, mzee wangu. Vuta hewa."

Akachukua upepeo wa ukindu akawa anampepea. Kwa nguvu zake zote, jasho linamtiririka. Na nyuma yake, hatua chache tu, ekzosi ya basi lake mwenyewe inatema. Alikuwa anampepea moshi.

"Zima! Hatibu, zima gari!"

Hakunielewa. "Bi mkubwa, si tumpeleke hospitali? Likizimwa litatusumbua kuwaka!"

Nikapanda mwenyewe. Sijui gari. Nilizungusha ufunguo mpaka kukawa kimya. Kisha nikamwekea Athumani pampu ya dawa mdomoni, nikamhesabia pumzi kama nilivyofundishwa.

Basi hilohilo ndilo lililotupeleka hospitali. Liliwaka mara moja. Hatibu aliendesha huku analia. Nayaandika yote mawili, kwa sababu yote mawili ni kweli.

Jumamosi, 19 Julai

Amerudi nyumbani. Daktari alinivuta pembeni: shambulio jingine kama lile hana uhakika kama atalivuka.

Sikungoja. Baada ya alasiri nilikodi bajaji mpaka gereji ambako Hatibu hulaza basi. Alikuwa ameketi juu ya tairi, anakula muhogo wa kuchoma. Akasimama haraka.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba jambo zito."

Nikamweleza. Vifuko, chembe, baridi ya asubuhi, shuka. Nilieleza vizuri mno. Nadhani nilijificha nyuma ya maelezo. Alipoelewa, aliuweka muhogo chini.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemuua."

"Si wewe peke yako. Ni barabara nzima, na miaka yake mwenyewe kwenye usukani. Lakini asubuhi ni wewe."

Nilimwona akijikunja. Sikuyarudisha maneno yangu. Hayakuwa ya uongo.

"Basi sitapita tena."

Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani nikiwa nimepata nilichokwenda kutafuta. Sikujisikia vizuri hata kidogo.

Jumatatu, 21 Julai

Kimya.

Athumani alitangulia barazani leo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Akangoja. Tangawizi ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Kila gari lililosikika kwa mbali aliinua kidevu.

"Hatibu anaumwa?"

"Sijui."

Nilidanganya. Mimi.

Alikaa mpaka jua likawa kali. Usiku wake uliopita ulikuwa mzuri, na leo kifua hakipigi filimbi. Nilimsikiliza akipumua, nikafurahi, nikaona aibu kwa kufurahi.

Jumatano, 23 Julai

Nimemwambia. Sikuweza kuendelea kumtazama akingoja.

Hakupaza sauti. Hana pumzi ya kupaza.

"Umenifukuzia mtu."

Nikaanza kueleza. Akainua mkono.

"Nimeelewa mambo ya mapafu, Mwalimu. Nimekuuliza kuhusu mtu. Miaka yote hii nilikuwa naamka kwa sababu ya lile gari. Sasa niamke kwa sababu ya nini? Kupumua?"

Nikachukua kikombe chake nikaenda kuipasha tangawizi.

Mchana alichukua mto wake akahamia uani mwenyewe. Bila kuombwa. Aliketi chini ya mpera, akanigeuzia mgongo, akitazama ukuta. Wapita njia wakawa wanauliza barazani, dereva yuko wapi? Nikasema amepumzika.

Nimepata kila nilichotaka. Moyo umenipasuka.

Ijumaa, 25 Julai

Pumzi nzuri. Chakula hali. Saida alimpikia mchuzi wa changu aupendao, akaonja kijiko akasema umetosha. Ananijibu, ila kwa neno mojamoja. Wenzake walikuja baada ya sala ya Ijumaa, wakaona haya kuingia uani wakipita katikati ya wanawake, wakasalimia kutoka ukumbini wakaondoka. Hawakukaa hata kwa kahawa.

Nimekaa nikafikiri kama nilivyowataka wanafunzi wafikiri: tenganisha vitu. Kulikuwa na vitu viwili mlangoni kwangu kila alfajiri. Kulikuwa na moshi, na kulikuwa na Hatibu. Daktari alisema niondoe moshi. Mimi nikamwondoa Hatibu. Sikumwomba azime gari. Nilimwomba asije, kwa kuwa woga ulinipa haraka, na mtu mwenye haraka hukata mkono ili kuondoa kidonda.

Nimempigia simu. Hakupokea. Aliona haya, nadhani. Nimemtumia ujumbe: Njoo. Usije na gari.

Jumapili, 27 Julai

Amekuja. Kwa baiskeli, akiwa amevaa kanzu kana kwamba anaingia kwenye nyumba ya msiba. Nikampitisha ukumbini hadi uani. Athumani alikuwa amefumba macho.

"Shikamoo, mzee."

Athumani akafumbua jicho moja.

"Marahaba. Umekuja na nini? Sikusikia gari."

"Baiskeli, mzee."

"Baiskeli ya nani, ya mjomba wako? Mbona mnyororo unalia?"

Tukacheka wote watatu. Niliingia jikoni nikalia kidogo, nikatoka na chai.

Hatibu alikuwa na jambo. Alikuwa amerekodi injini kwenye simu gereji. Akaisogeza karibu na sikio la mzee. Athumani akainamisha kichwa, akafumba macho. Akakunja uso.

"Hii simu ndiyo inayokohoa."

"Ngoja nipandishe sauti."

Akasikiliza tena. Safari hii muda mrefu.

"Nozeli bado. Na ekzosi mmeifanyaje? Inatoa sauti kama bomba tupu."

Hatibu akatazama chini. Basi lile lilikuja limetumika kutoka Japani, na ndani ya ekzosi lilikuwa na chujio la kunasa masizi. Fundi alilikata akalitoa, akaunga bomba moja kwa moja. Karibu mafundi wote hufanya hivyo. Husema linaibana injini, gari linakuwa zito, litolewe ili injini ipumue.

Injini ipumue. Nilirudia maneno hayo moyoni. Nikamtazama mume wangu na mishipa ya shingo yake.

"Hata mimi ningelitoa," Athumani alisema. "Zamani zetu tungelitoa tukacheka." Akapumzika. "Mwambie tajiri wa basi atafute jingine alirudishe. Na nozeli kesho, si keshokutwa."

"Sawa, mzee."

"Na mnyororo utie mafuta."

Jumatano, 30 Julai

Nozeli zimebadilishwa. Hatibu amekuja na rekodi mpya, mzee ameridhika. Chujio bado. Lile la zamani lilitupwa, na tajiri amekubali kutafuta jingine baada ya kuambiwa nani anaomba.

Tumepanga saa za barazani. Asubuhi mabasi yakiwa yanatoka, Athumani yuko uani. Yakishapita na jua likishapanda, hewa ikaanza kutembea, anatoka barazani na shati lake la pasi. Kabla ya msongamano wa jioni anarudi ndani. Wenzake wameshazijua saa hizo. Mmoja anasema dereva sasa ana ratiba kuliko alipokuwa kazini. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Kwa nini sikuliona hili mwanzo?

Hatibu amelichukua jambo hili hadi stendi. Anawaambia madereva wenzake wazime magari wanapongoja abiria. Wanamkejeli. "Daktari wa ekzosi kafika!" "Hatibu, ukistaafu utafungua zahanati?" Mmoja akamwambia dizeli lazima ipashwe moto muda mrefu, hata mzee Athumani alifundisha hivyo.

Athumani aliposikia hayo jana alisimama. Kwa mara ya kwanza wiki hii alisimama bila kushika kitu.

"Kawaambie nilifundisha hivyo kwa magari yale. Haya ya sasa liwashe, kisha ondoka taratibu. Litapata moto njiani. Na gari linalongoja halina safari, linangurumia nini? Waambie ni mimi nimesema."

Leo Hatibu ametuambia wapo waliozima. Si wote. Muuza maji wa stendi alimuuliza kuna msiba gani, mbona pametulia.

Nimelala vizuri. Athumani ananiita Mwalimu tena kwa ile sauti yake.

Jumapili, 3 Agosti

Ameomba kitu. Anataka kulisikia basi lenyewe.

"Simu haina kifua, Mwalimu. Injini husikilizwa kwa miguu pia. Ardhi inakuambia. Mara moja tu."

Sikukataa. Nilijifunza wiki iliyopita kutokataa kabla ya kufikiri. Inawezekana, kama tutatumia upepo. Msimu huu upepo unavuma kutoka kusini. Kuna uwanja wa wazi karibu na bahari. Basi lisimame upande wa kaskazini, yeye akae kusini mwa basi, mgongo kwenye upepo, moshi wote uende mbali naye. Karibu kiasi cha kuisikia ardhi. Dakika chache, kisha lizimwe. Hatibu amesema yuko tayari sasa hivi.

Lakini tangu jana Athumani ana mafua. Kikohozi kimerudi kidogo. Nikasema tungoje kitulie. Jumapili ijayo.

"Wewe na subira yako," akasema. Akanishika mkono. "Haya. Jumapili ijayo."

Ijumaa, 8 Agosti

Athumani amefariki leo kabla ya adhuhuri.

Alikuwa uani. Mafua yalishuka kifuani juzi. Daktari alikuja nyumbani, dawa zikabadilishwa, mtungi wa oksijeni ukaletwa. Haikusaidia. Vifuko vilivyobaki havikutosha. Saida alimshika kichwa, mimi miguu. Alikuwa anatafuta hewa kwa mdomo, polepole, kisha polepole zaidi.

Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na gari. Mpera ulikuwa unatikisika. Hewa ilikuwa safi kabisa, na haikumtosha.

Wamemzika baada ya alasiri. Hatibu aliingia kaburini kumpokea.

Jumapili, 10 Agosti

Leo ndiyo siku tuliyoipanga.

Upepo ni uleule niliousema. Nimetoka uani alfajiri nikaupima kwa kidole kilicholowa, kama mjinga. Kutoka kusini. Uwanja ungefaa. Kila kitu kingefaa.

Siwezi kujua kama nilimwongezea siku. Pengine wiki zile za kifua bila filimbi nilimpa mimi. Pengine angekuwa nazo tu. Lakini Jumapili hii nilimnyima mimi. Maisha yangu yote nimesifiwa subira. Leo naichukia.

Hatibu alikuja kwa miguu. Wanawake wengi wako ndani, na mimi niko edani, kwa hiyo tuliongea mlango ukiwa umerudishwa. Alisema alfajiri aliliwasha basi gereji, akasimama pembeni akingoja neno la mzee. Halikuja. Akaondoka bila neno. Alipofika njiapanda aliegesha akashindwa kuendelea, abiria wakamngoja. Hakuna aliyelalamika.

"Ulizima ulipoegesha?" nikamuuliza. Swali baya la kumuuliza mtu anayelia. Lilinitoka.

"Nilizima, mama."

Hajawahi kuniita mama.

Nikamwambia kilichonikaa moyoni tangu ile siku ya gereji: kwamba hakumuua. Kwamba alikuwa akimpa sababu ya kuamka. Kwamba moshi na mapenzi vilikuja kwenye gari moja, na mimi nilichelewa kujua kuwa vinaweza kutenganishwa. Baadaye nilisikia tu hatua zake zikishuka ngazi ya baraza.

Jumatano, 13 Agosti

Watu wa mbali wanaendelea kufika kutoa pole. Kutoka Moa, kutoka Horohoro, madereva waliomjua. Sitoki nje. Eda ni ndefu. Nakaa kwenye mkeka chumbani, dirisha la mtaani liko wazi kidogo, na nasikia zaidi ya ninavyoona.

Wengi huja na magari. Huyaacha yananguruma mlangoni huku wakiingia. Hawana nia mbaya. Wamemleta bibi mzee, watamrudisha upesi, hawataki kumweka kwenye joto. Wanaharakisha kwa adabu. Jirani wa ng'ambo ya barabara ana mtoto mchanga, na saa hizi humtoa barazani aote jua.

Leo Hatibu hakuwa na zamu. Alishinda kwenye baraza yetu. Gari likisimama, nilimsikia akinyanyuka. Sauti yake ya chini, ya heshima, sikuyasikia maneno yote. Kisha kukawa kimya. Kisha mlango wa gari, kisha viatu vikivuliwa, kisha salamu ikaingia ndani safi, naisikia kila herufi.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Gari, sauti ya Hatibu, kimya, salamu.

Jioni, kabla hajaondoka, Saida alimuuliza anawaambia nini hao watu. Alisema anawaambia mama mwenye nyumba ameomba hivi:

Leo, ukifika mlangoni pa mtu, zima gari kwanza, ndipo utoe salamu.